Ombi la Cheti Kwamba Gari Lenu Halikuniiga Mimi

Gotthilf Rapp,
Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo,
Degerloch, Stuttgart.
Jumamosi.

Kwa Wakurugenzi wa Kampuni ya Magari ya Rauhenfels,
kupitia Idara ya Malalamiko ya Wateja.

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: KUOMBA CHETI CHA KUTHIBITISHA KWAMBA SIKUTUMIKA KAMA MFANO WAKATI WA KUTENGENEZA KIFAA CHENU CHA KUDANGANYIA VIPIMO

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na itawakuta ofisini, maana magazeti yanasema baadhi yenu siku hizi mnahojiwa kwingine. Mimi ni mzima kiasi. Nimeketi jikoni, nimevaa tai, kwa sababu sijawahi kuandika barua rasmi bila tai. Pazia nimeliacha wazi.

Mimi ni mmiliki wa gari lenu la dizeli, lile refu la familia, rangi ya fedha, ambalo matangazo yenu yalisema ni safi hata mtoto anaweza kulala nyuma ya bomba lake la moshi. Nina malalamiko. Nitayapa namba ili yasichanganyike na hasira.

1. Kuhusu kazi yangu.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilizunguka mabuchani na sokoni na sanduku langu la mawe ya shaba, nikapima, nikapiga muhuri, nikaondoka. Kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, kabla ya kwenda popote nilitanguliza kadi ya posta: "Nitafika Jumanne asubuhi. Wenu, Rapp." Ndugu Wakurugenzi, katika miaka yote hiyo sikukuta mzani wa bucha unaopunja. Hata mmoja. Nilikuwa narudi nyumbani namsifia mke wangu, Waltraud, uaminifu wa wauza nyama wa huku kwetu, naye akiwa anakatakata kipande kidogo alichouziwa kama kikubwa, anajibu bila kuinua macho: "Ni kweli, Gotthilf. Jumanne ni waaminifu sana."

Basi nilipokuja kununua gari lenu, sikuuliza habari za rangi wala redio. Niliomba karatasi ya vipimo vya moshi. Yule kijana wa mauzo ilibidi aitafute, maana hakuna mteja aliyewahi kuiomba. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Nikamshika mkono nikamwambia, "Hii ndiyo kazi, kijana." Machozi yalinilenga.

Sasa tunajua sote. Ndani ya gari mliweka programu inayotambua kwamba gari liko juu ya mashine ya ukaguzi: magurudumu yanazunguka lakini usukani hautikisiki. Likishatambua hivyo, gari linajituliza na kupumua kistaarabu. Likitoka barabarani, usukani ukigeuka kidogo tu, linarudia tabia yake na kutema moshi linavyotaka. Hakuna aliyeniambia kwamba gari nalo lilikuwa limetumiwa kadi ya posta.

2. Kuhusu Bwana Akgöz.

Bwana Akgöz ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, fundi wa kurekebisha sauti za piano. Ana kigari cha petroli cha zamani ambacho kikiwashwa asubuhi vikombe vyetu vinacheza kabatini. Tangu nilipopata gari lenu safi, niliona ni wajibu wangu kumshauri. Sikumsumbua kwa maneno. Huku kwetu mtu mwenye adabu huandika kikaratasi akakibana chini ya waipa ya mwenzake. Cha kwanza kilisema: "Ndugu jirani, fikiria mapafu ya wengine." Vilivyofuata vilikuwa virefu zaidi. Kimoja nilikiambatanisha na nakala ya karatasi yenu ya vipimo, muhuri unaonekana vizuri.

Siku habari zenu zilipotoka gazetini, nilikuta vikaratasi vyangu vyote vimebanwa chini ya waipa yangu. Alikuwa amevitunza, amevipanga kwa tarehe. Juu yake kulikuwa na kimoja kipya: "Bwana Rapp, nakurudishia, huenda ukavihitaji. Akgöz."

Hakunitukana, na hilo ndilo ninalolalamikia. Mtu akikutukana unapata pa kushikia. Tangu siku hiyo nikisikia hatua zake ngazini nasimama nyuma ya mlango wangu, mfuko wa taka mkononi, mpaka apite.

3. Kuhusu gari lenyewe.

Mliniita gereji, mkaliwekea programu mpya, mkanipa kishikio cha funguo kama zawadi. Kishikio ni kizuri. Gari sasa linapanda mlima wetu likihema, na likifika juu linatetemeka mpaka miwani inanishuka puani.

Nilimwendea mwanasheria. Akanieleza kwamba naweza kudai fidia, lakini kila safari niliyolitumia itakatwa humo, kwa sababu nimelifaidi.

"Nimelifaidi vipi," nikamuuliza, "na mimi ndiye niliyedanganywa?"

"Ulifika ulikokuwa unakwenda, Bwana Rapp," akasema.

Kwa hiyo anayepata haki kamili ni yule aliyenunua gari akaliacha limesimama. Mtaani kwetu yuko mmoja, Bwana Pfleiderer, ambaye tangu alinunue kwenu amelifunika turubai lisichakae, na dukani anakwenda kwa miguu. Amerudishiwa pesa zake karibu zote. Sasa anapita mbele ya nyumba yetu na kofia mpya, na nashindwa kumchukia kwa sababu anapunga mkono.

4. Kuhusu mke wangu.

Hapa naomba mnivumilie, maana namba hazinisaidii tena.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunakula mkate na siagi, Waltraud ananisomea gazeti. Lilikuwa linaeleza tena kile kifaa chenu, kwa lugha nyepesi. "Linajua likiwa linatazamwa," akasoma, "na likishajua halitazamwi, linarudia yale yale." Akaliweka gazeti chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Gotthilf," akasema alipopata pumzi, "hawa watu wamekutengeneza wewe, wakakufunga magurudumu."

Ninyi ni watu wa kaskazini, kwa hiyo lazima niwaeleze zamu ya ufagio. Katika nyumba zetu za huku kuna kibao kinachotundikwa kwenye kitasa cha mlango, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani. Kikiwa kwako, wewe ndiye unayefagia njia ya mbele, unadeki ngazi, unashuka ghala la chini ya nyumba, unasafisha hata nyuma ya mapipa ya taka, mahali ambapo hakuna anayekwenda. Jumamosi jioni unakihamisha. Mtu anaweza kusamehewa mambo mengi katika mtaa huu, lakini kuhamisha kibao kabla ya kufagia si moja ya mambo hayo.

Sisi tuligawana. Mimi nilichukua njia ya mbele, Waltraud akachukua yaliyobaki. Njia ya mbele inatazamana na dirisha la Bi Nägele, mama wa ghorofa ya chini, ambaye kila Jumamosi huweka mto dirishani, akaegemeza viwiko, akautazama mtaa. Mto ukitokea, natoka na ufagio. Nafagia kwa mikono miwili, kwa mpango, nainama hata kuokota kipande cha jani. Bi Nägele amewahi kumwambia Waltraud, "Mwenzangu umepata mume." Mto ukiondoka, nami naingia ndani. Niliona ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Sasa Bi Nägele amefanyiwa upasuaji wa nyonga, amelazwa, hatarudi mpaka mwisho wa mwezi.

Nilichukia kuchekwa. Nikamwambia Waltraud, "Kama mimi ni gari bovu, mbona miaka yote hii hukushuka?" Nilidhani atazidi kucheka. Akaacha.

"Nililijua gari tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nasubiri siku moja tu utoe ufagio na Bi Nägele hayupo. Basi hayupo. Na juzi kibao kimekuja kwetu. Umefagia wapi?"

Nikamwambia njia ya mbele inaonekana safi.

"Inaonekana," akasema.

Akaingia chumbani akatoka na begi dogo. Hilo halikunitisha, ana begi la kwenda kwa binti yetu Heike siku zote. Kisha akapita jikoni akachukua ubao wake wa kukatia tambi, ule wa mama yake, akaubana kwapani. Ndugu Wakurugenzi, mwanamke wa huku akiondoka na ubao wake wa tambi hajaenda kusalimia. Nilisimama na kisu cha siagi mkononi mpaka mlango ukafungwa. Nilimpenda sana wakati ule.

Heike anaishi bondeni, katikati ya mji. Jioni alinipigia simu. "Baba, mama yuko huku. Anasema ukimtaka uje mwenyewe umchukue."

"Siwezi," nikamwambia. "Dizeli kama yangu imepigwa marufuku kuingia bondeni. Kuna kibao cha duara jekundu pale chini ya mlima. Ningekuwa na gari halali ningekuja sasa hivi."

"Baba, lakini si kuna..." akaanza kusema, kitu kuhusu reli nadhani, lakini simu ikakatika. Niliikata mimi.

Hivyo basi, mimi niko mlimani na mke wangu yuko bondeni, na kilicho katikati yetu ni moshi wenu. Nimekula dengu za kopo wiki nzima. Wakati wa kula naweka redio juu ya kiti chake, ili kitu fulani kiongee kutoka upande ule. Sikutegemea kuwaandikia hili watu wa kiwanda, lakini nyumba ni kimya na ninyi ndio mliopo.

Nilitafuta njia ya kistaarabu. Kwa kuwa gari lenu ni safi maadamu usukani haugeuzwi, niliiandikia ofisi ya mji kuomba barabara moja iliyonyooka kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwa Heike. Nilichora mwenyewe, kwa rula. Itapita katikati ya mashamba machache ya mizabibu, kanisa moja na bwawa la kuogelea. Hawajajibu.

5. Kuhusu ombi langu.

Naomba, kwa karatasi yenye nembo yenu, cheti kinachosema kwamba katika kubuni kifaa kilichotajwa hapo juu, kampuni haikumchunguza, haikumfuatilia wala haikumwiga Gotthilf Rapp wa Degerloch, na kwamba mfanano wowote ni wa bahati mbaya. Kipigwe muhuri. Ikiwezekana kiletwe na mhandisi mwenyewe, aketi mezani kwa Heike, akisome kwa sauti mbele ya mke wangu. Atapewa chakula. Waltraud hawezi kumwacha mgeni aondoke na njaa hata akiwa amenuna, na kwa ubao ule hakuna mhandisi aliyewahi kula tambi kama hizo.

Nimefikiria pia uwezekano kwamba mtakagua kumbukumbu zenu mkute kwamba kweli mliniiga. Yawezekana. Nakumbuka Jumamosi moja kabla ya kashfa, watu wawili wenye makoti mazuri walisimama ng'ambo ya barabara wakinitazama nikifagia, mmoja akaandika kitu. Nilidhani ni watalii.

Ikiwa ndivyo, ombi langu linabadilika. Nadai nitambuliwe kama mbunifu. Kifaa chenu kilihitaji chumba kizima cha wahandisi. Mimi niliyafanya hayo hayo kwa ufagio mmoja. Na si ufagio tu. Kanisani naimba kwa sauti nikiwa benchi la mbele, nikiwa la nyuma natikisa midomo. Wiki ya kwenda kwa daktari nakula matofaa, nikitoka kwake napitia bucha. Nikiwa na wageni namwambia Waltraud "keti, mpenzi, leo nitaosha mimi," na kwa miaka mingi ameketi akitabasamu na kusubiri waondoke ili akaoshe upya. Uzoefu wangu ni mrefu kuliko wenu, sijawahi kushtakiwa, na mpaka Jumatatu iliyopita nilidhani hakuna aliyegundua.

Nimesoma aya hiyo mara mbili, na naona inasaidia upande wa mke wangu zaidi ya wangu. Hata hivyo naiacha, kwa kuwa imeandikwa kwa kalamu na karatasi ni ya mwisho.

Namalizia kwa kuwakumbusha kwamba leo ni Jumamosi. Jioni kibao kinatakiwa kuhamia kwa Bwana Akgöz, yeye wa vikaratasi. Sijui tambara la kudekia linakaa wapi. Sijui hata swichi ya taa ya ghala iko upande gani. Haya yote mngeyaepusha kwa kutengeneza gari la kawaida.

Nawasalimu nyote kwa heshima. Nisalimieni makatibu muhtasi, walinzi wa getini na wapishi wa kantini, ambao nina hakika hawakuhusika. Nisalimieni na yule kijana wa mauzo, mwambieni simlaumu, karatasi ilikuwa nzuri. Na yule aliyebuni kifaa mpeni salamu za pekee, na mke wake pia, ikiwa bado yuko nyumbani.

Wenu katika vipimo,

Gotthilf Rapp

N.B. Leo ni Jumatatu. Cheti msikitume. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu stempu nilikuwa nimeshaibandika na haibanduki bila kuchanika.

Lile la gari kunizuia kumfuata mke wangu lifuteni. Kutoka kwetu mpaka bondeni kuna reli ya meno, ile treni ndogo ya kupanda mlima. Kituo kinaonekana kutoka dirisha hili ninaloandikia, na upande wa chini inaishia jirani kabisa na kwa Heike. Nimeipanda tangu niko tumboni mwa mama yangu. Jana niliipanda tena, na tai yangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuongea na redio.

Waltraud ndiye aliyefungua mlango. "Umekujaje?" akauliza.

"Kwa reli."

"Kumbe ipo," akasema. Nikamwambia nimemkumbuka, nikamwomba arudi. Akaingia ndani, akarudi na begi na ubao. Begi akabeba mwenyewe. Ubao alinipa mimi, na nilipanda nao mlima wote nimeupakata, behewa zima likiona nimemfuata mke wangu.

Tulipofika nyumbani hakuingia kwetu. Alipita mlango wetu, akashuka moja kwa moja ghalani. Mimi nikabaki juu ya ngazi. Taa ya kule ni ya kubana matumizi, inajizima yenyewe kila baada ya muda, na nikamsikia akiiwasha, ikazimika, akaiwasha tena. Akasogeza mapipa.

"Gotthilf," akaita kutoka chini. "Nani kafagia huku?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Jumamosi alasiri, na hakukuwa na mto dirishani wala mtu wa kuniambia hongera. Lilikuwa limejaa mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Labda Bwana Akgöz."

Akapanda polepole. Alipofika nilipo akasimama, akaniangalia tai, akaokota kitu kidogo pale chini ya fundo. Ulikuwa utando wa buibui. Akauviringisha kwenye vidole, akauweka katika mfuko wa koti lake.

"Labda," akasema. "Bwana Akgöz ni mtu mzuri." Akachukua ubao wake mikononi mwangu, akaingia jikoni kubandika maji.